Kwa Nini Sikumpungia Shemeji Mkono

Awendo,
Kaunti ya Migori.
Jumapili jioni.

Kwa Baba Akinyi,
Kisiwani Mfangano,
Kaunti ya Homa Bay.

KUH: MALALAMIKO YALIYOKUFIKIA KUHUSU MWENENDO WANGU BARABARANI

Mpendwa mume wangu,

Pokea salamu zangu, zimetoka katika kifua kisicho na kinyongo. Natumaini zitakukuta ukiwa mzima, mgongo umetulia, na ile mashua ya wateja wa Mbita umekwisha kuipiga misumari ya mwisho. Mama je, kikohozi kimemwachia nafasi ya kulala? Akinyi naye, bado anamsumbua mwalimu wa hesabu kwa maswali, au siku hizi ameamua kumhurumia? Sisi wa huku Awendo tunaendelea vyema kwa neema ya Mungu. Dagaa wetu wa omena wanakauka vizuri, wateja wanalalamika lakini wananunua, na mvua ina adabu: hunyesha baada ya watu kuanua.

Usishangazwe na mkono uliokukabidhi bahasha hii. Naam, ni mzee wetu, ndugu yako mkubwa, Jaduong' Barnaba, yule yule aliyekupigia simu kunishtaki. Nilimwomba aibebe, naye akakubali kwa hiari yake, tena akasema si lazima niifunge kwa gundi. Nimeifunga hata hivyo, kwa kuwa barua ya mke kwa mumewe hufungwa. Ifungue mbele yake, kisha umsomee kwa sauti. Hakuna neno humu ambalo siwezi kulitamka naye ameketi.

Nimeiandika kwa Kiswahili, wala si kwa Dholuo, kwa sababu jambo likiwa zito napendelea lugha inayonilazimisha kufikiri kabla ya kukasirika. Na nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu ulinipa amri, ukakata. Maneno yako nayakumbuka jinsi yalivyokuwa: "Nimesikia unakimbia kwa lami kama mtoto wa shule, hata leso huna, na kaka yangu amekusalimia ukamgeuzia uso. Funga hicho kibanda urudi nyumbani." Hukuniachia hata nafasi ya kusema "halo."

Baba Akinyi, siku ile nililia nyuma ya magunia. Sikulilia kibanda peke yake, ingawa wajua jinsi nilivyokijenga, na wajua kwamba karo ya Akinyi hutoka hapo. Nililia kwa kuwa katika miaka yote ya ndoa yetu hakuna mtu wa nyumba yenu aliyewahi kusema kwamba Atieno ana madharau. Hilo ndilo lililonichoma. Sasa nisikilize mpaka mwisho, halafu uhukumu.

Wakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka nilianguka sokoni nikiwa napima omena, nikapelekwa zahanati. Muuguzi alinifunga kile kitambaa mkononi, akakitazama, akakifunga tena, akaniuliza, "Mama, kwani wewe hutembea na kifo mfukoni?" Aliniambia presha imepanda, na kwamba pamoja na dawa ni lazima niuchoshe mwili kila asubuhi, maana kazi yetu ni ya kuketi. Nilikueleza habari hizo, ukasema, "Fanya kama daktari amesema." Basi nikafanya.

Sikuwa peke yangu. Alikuwapo Bhoke, Mkuria kutoka upande wa Kehancha, anayeuza wimbi na ndizi jirani yangu. Mwembamba, mkavu wa maneno, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Na alikuwapo Mama Kwinta wa mandazi, ambaye mwili wake unajulikana mpaka Rongo na kicheko chake mpaka Migori mjini. Tulipatana tukimbie asubuhi, jua likishachomoza kabisa na kabla soko halijafunguliwa. Sabato hatukimbii, jambo ambalo Bhoke hulinung'unikia kwa kuwa yeye ni Mkatoliki, lakini hutuheshimu.

Huenda ukauliza, kwa nini barabara kuu, ilhali kuna vinjia vingi ndani ya mashamba ya miwa? Kwa sababu miwa hiyo inampita mtu kimo, mume wangu. Mwanamke akiingia humo alfajiri hamwoni mtu wala haonekani na mtu, na yapo mambo yaliyowahi kutokea humo ambayo sitayaandika. Tukaona ni heri gari linaloonekana kuliko binadamu asiyeonekana.

Siku za kwanza tulikuwa kichekesho. Huku, mtu mzima akionekana anakimbia, basi amefiwa au ameiba. Wazee walisimama malangoni wakituuliza, "Yawa, nani amekufa?" Mama Kwinta, huku akihema, alikuwa anawajibu, "Ni mafuta yangu, mzee! Tunaenda kuyazika!"

Lakini hatukuwa tunajua kitu. Mimi nimezoea kisiwani. Kwetu mtu hupita upande wowote upendao mguu wake, na gari likija hulisikia tangu likiwa nyuma ya mlima. Kwa hiyo tulikimbia upande wa kushoto, magari yakitujia mgongoni. Asubuhi moja lori la miwa lilitupita karibu mno, hata upepo wake ukanivua kitambaa cha kichwa. Tulisimama pale, tukishikana kama watoto. Bhoke aliangalia kulia na kushoto, akavuka lami, akasimama upande wa pili, akatuita.

"Tukimbilie huku. Yakuje kutoka mbele."

Mama Kwinta akauliza, "Huku si ndiyo kubaya zaidi? Yanatujia usoni!"

"Ndiyo," Bhoke akasema. "Mimi kitu inataka kuniua nataka niione uso."

Tangu siku ile tunakimbia upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwenziwe, juu ya ukingo wa changarawe, tukiyatazama magari yanayokuja. Bhoke hutangulia kwa sababu ya macho yake. Mimi hukaa nyuma kwa sababu ya masikio yangu, maana bodaboda za huku hazijui upande: huja hata mgongoni, juu ya changarawe ileile, zikikimbia foleni ya matrekta. Mama Kwinta huwa katikati, naye amekataa kutueleza ni kwa sababu ya kiungo gani.

Sasa kuhusu leso, ambayo Jaduong' Barnaba alikueleza kwamba tumeitupa kama wanawake wasio na kwao. Hatukuitupa. Ilichukuliwa. Unajua jinsi miwa inavyopakiwa: trekta moja huvuta trela mbili, na mashina huchomoza pembeni kama mikono ya watu wanaogombana. Bhoke alikuwa amejifunga leso kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, kwa heshima, na upepo ukaipeperusha. Shina moja likainasa. Kwa bahati fundo lilikuwa legevu. Leso ikaondoka na trela, ikipepea kama bendera, na sisi tukabaki tumeduwaa tukiitazama ikiingia njia ya kiwanda cha sukari. Fundo lingalikuwa imara, Baba Akinyi, sijui ningekuandikia nini leo. Tuliiacha leso tangu hapo. Tunavaa suruali pana na sketi fupi ya magotini iliyoshonwa juu yake, na jaketi za rangi ya limau zinazong'aa, zile wavaazo waendesha boda. Mwili wote umefunikwa. Mchungaji ametuona, na amesema tunafanana na watengeneza barabara. Hakusema ni dhambi.

Nakuja sasa kwenye salamu, ambayo ndiyo kiini cha barua hii.

Wewe na mimi tumelelewa kwamba mtu akikupita bila kukusalimia amekutukana. Kwa hiyo tulipoanza, kila tuliyemwona tulimpungia mkono: mwenye duka, mwalimu, mama aendaye mtoni. Siku moja Mama Kwinta alimwona mke wa mchungaji ng'ambo ya barabara. Akafurahi, akainua mkono wote, mpaka kwapa likaonekana, akapaza sauti, "Oyawore, Mama!"

Matatu iliyokuwa inakuja haikuona salamu. Iliona abiria. Iliacha lami ghafla ikaingia kwenye changarawe, mahali hasa alipokuwa Bhoke. Bhoke aliruka mtaroni na maji yake yote. Makanga naye aliruka chini kabla gari halijasimama, akiwa anatabasamu.

"Mko watatu? Ingieni, ingieni! Mmoja akae mbele!"

Kutoka mtaroni tulisikia sauti ya Bhoke. "Wawili. Mimi mmeshanifikisha."

Tulicheka tulipofika sokoni, lakini hakuna aliyeanza kuuza. Tuliketi juu ya magunia yangu, tukasemezana kama watu wazima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye barabara hii mkono ukipanda juu, gari huacha njia yake na kuja pembeni, na pembeni ndiko tuliko sisi. Hata tukikimbia vizuri kiasi gani, salamu yetu wenyewe ingeweza kutuua. Tukapatana: hakuna mkono kupanda juu ya kiuno. Tunasalimia kwa kichwa na kwa mdomo. Na Bhoke akaongeza la pili: trekta ikipita, hakuna kurudi ukingoni wala kugeuza macho mpaka trela ya nyuma ipite, maana wengi huhesabu ile ya kwanza wakadhani yamekwisha.

Watu walinung'unika. Walisema tangu tununue jaketi tumekuwa wakubwa. Mteja wangu mmoja alihamia kibanda kingine wiki nzima. Tulivumilia.

Na hapo ndipo ndugu yako alipofika Awendo, akileta mashine yake ya kusaga ichomelewe, akawa amelala kwa mpwa wake karibu na soko. Sikujua kama amefika. Asubuhi ile tulikuwa tumejitenga kwenye nyasi, tunapisha trekta. Yeye alikuwa juu ya boda, upande wa pili wa barabara. Aliniona, akavua kofia, akainua mkono, akaniita binti wa nilikozaliwa, "Nyar Karachuonyo!" Nilimwona, Baba Akinyi. Moyo wangu ulifurahi. Niliinamisha kichwa na nikasema, "Oyawore, Jaduong'!" Lakini trekta ilikuwa inanguruma, hakunisikia. Na trela ya kwanza ilikuwa imepita, ya pili inakuja, imepakiwa vibaya, mashina yamelala nje. Nikageuza uso kuitazama. Huo ndio uso niliomgeuzia. Ilipokwisha kupita, boda yake ilikuwa imekwenda.

Alichokiona yeye ni mke wa ndugu yake amemtazama usoni, hakuinua hata kidole, kisha akatazama kando. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeumia vivyo hivyo.

Ulipokata simu na nilipokwisha kulia, Mama Kwinta aliniletea mandazi, na Bhoke akaja na neno.

"Utafunga kibanda?"

Nikamwambia, "Mume amesema."

"Mume amesema kitu ameambiwa na mtu ameona nusu. Muite huyo mtu aone ile nusu ingine."

Basi nilijitanda kitambaa, nikaenda nyumbani kwa yule mpwa. Jaduong' Barnaba alikuwa ameketi kwenye kiti, na hakunikaribisha upesi. Nilibaki nimesimama mlangoni. Nikamwambia, "Jaduong', nimekuja kwa heshima na taadhima. Sikukataa salamu yako, lakini sitakueleza kwa maneno, kwa kuwa maneno yangu kwako sasa hayana uzito. Nakuomba kesho asubuhi usimame kando ya barabara, pale kwenye kona ya kiwandani, utuone tukipita. Ukiona madharau, mimi mwenyewe nitafunga kibanda na nitarudi pamoja nawe kisiwani."

Naam, hilo nililisema. Nililiweka rehani soko langu mbele ya mtu aliyenishtaki.

Akaniambia, "Mimi, mzee wa kanisa, nisimame barabarani nikitazama wanawake wakikimbia? Watu wataniweka wapi?"

"Watakuweka upande wa mashahidi," nikamjibu.

Naye akasema, "Sawa. Nitakuja. Na nitakusalimia vile mtu mzima husalimia. Tuone."

Usiku huo sikumweleza Bhoke wala Mama Kwinta kwamba nimeweka kibanda rehani. Niliwaambia tu kwamba mzee atakuwapo.

Asubuhi yake tulikuwa tunarudi kuelekea Awendo. Kwa mbali nilimwona amesimama kwenye changarawe, mbele yetu, amevaa koti lake la ibada, mkoba umewekwa karibu na mguu, maana baadaye alikuwa aende kwa fundi. Magari ya kwenda Migori yalikuwa yanatokea nyuma yake. Tulipokaribia kiasi cha kutambuana nyuso, alivua kofia, akainua mkono juu kabisa, mkono ulionyooka wa mtu anayetaka haki yake, akaita, "Nyar Karachuonyo!"

Bhoke alipiga kelele, "Mkono!"

Hatukusubiri kuuliza. Sote watatu tuliacha ukingo na kuruka kwenye nyasi, Mama Kwinta wa kwanza, amini usiamini. Matatu iliyokuwa inakuja kwa kasi ilimwona mzee, ikaacha lami, ikampita ikirusha mawe, ikasimama hasa mahali tulipokuwa tunakimbia. Vumbi lilipopungua makanga alikuwa ameshaunyakua ule mkoba.

"Mzee wa Migori! Ingia, siti ya mbele ni yako!"

"Mimi siendi Migori!" ndugu yako akapaza sauti. "Rudisha begi!"

"Mzee, ingia tu, gari inatoka!"

"Nasema siendi! Namsalimia shemeji yangu!"

"Utamsalimia kwa simu, mzee, twende!"

Dereva akatoa kichwa dirishani, amekasirika. "Sasa kama huendi, unasimamisha gari ya nini?"

"Sijasimamisha gari! Nimesalimia mtu!"

"Mzee," dereva akasema, "hapa mkono ikienda juu ni abiria. Salamu fanyia nyumbani."

Wakati huohuo boda nazo zilikuwa zimekwisha kufika, moja kutoka kila upande, na mmoja wa vijana akamwambia, "Wachana na hao, jaduong', mimi nitakufikisha Migori polepole." Mkoba ulirushwa chini. Matatu ikaondoka. Boda zikaondoka. Tukabaki sisi na yeye, na kofia yake imefunikwa vumbi.

Hakuna aliyecheka, hata Mama Kwinta.

Ndugu yako aliokota mkoba. Kisha akatembea polepole mpaka pale matatu ilipokuwa imesimama. Alama za viatu vyetu zilikuwa bado zipo kwenye changarawe, zimepangwa mstari, na juu yake magurudumu yalikuwa yamepita. Alizitazama. Akanitazama mimi, nikiwa bado kwenye nyasi.

"Mngekuwa hapa," akasema.

"Ndiyo, Jaduong'. Tungekuwa hapo."

"Na mimi ndiye ningekuwa nimewaita."

Nilishuka kutoka kwenye nyasi, nikasimama mbele yake, nikampa mkono wangu wa kulia huku wa kushoto umeushika wa kulia, kama alivyotufundisha mama yako, na nikamsalimia kwa utaratibu wote: yeye, nyumba yake, watoto wake, mifugo yake. Aliitikia kila moja.

Halafu, ili usidhani amekwisha kushindwa kabisa, akamgeukia Bhoke kwa ukali. "Na leso je? Mwanamke mzima bila leso?"

Bhoke akamjibu kwa adabu, "Yangu ilichukuliwa na trela, mzee. Ilienda kiwandani. Saa hii mtu ameiweka kwa chai."

Hapo Jaduong' Barnaba alicheka. Baba Akinyi, wewe wajua kicheko cha ndugu yako kilivyo adimu. Alicheka mpaka mkoba ukamponyoka. Kisha akaniambia, "Min Akinyi, nimekosa mbele yako na mbele ya mdogo wangu. Nitalisema hilo mwenyewe." Mimi sikutaka alirudie mara mbili, lakini nakiri nililisikiliza vizuri mara ya kwanza.

Tangu hapo alikaa Awendo siku zaidi ya alizopanga, akisema mashine haijapoa, na kila asubuhi alikuwa pale kwenye kona. Husimama nyuma ya mtaro, mikono ameifungia mgongoni, akitusalimia kwa sauti ambayo hata matrekta hayaishindi. Na mtu akituambia tuna madharau, humfuata mpaka dukani kumweleza habari za mkono na abiria. Ameifanya kuwa mahubiri. Wale walioninunia wamerudi kununua omena, na sasa hutusalimia mikono ikiwa chini, kama askari.

Leo, mume wangu, ndiyo siku nitakayoikumbuka. Tuliondoka Awendo jua likiwa limechomoza, tukakimbia mpaka Rongo bila kupanda chochote. Milima ile unaijua ukiwa ndani ya gari. Kwa miguu ni habari nyingine. Mama Kwinta aliimba nyimbo za kanisa mpaka pumzi ikamwisha, kisha akazisema tu kama anayesoma. Penye daraja, ambapo hakuna ukingo wa kukimbilia, tulisimama kama kawaida yetu kungoja njia iwe tupu. Trekta ilikuwa inakuja, na trela zake mbili. Tukajua tutangoja. Lakini ilipunguza mwendo, ikasimama kabla ya daraja. Dereva, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye hutupita kila asubuhi bila neno, alitoa kichwa.

"Piteni, akina mama!" akasema. "Kila siku nyinyi ndio mnaningoja mimi. Leo acha sukari ingoje."

Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi. Hakujali. Tulipita kwa kutembea haraka, mmoja nyuma ya mwenziwe, huku tumenyoosha shingo kama wabunge. Nilitaka sana kumpungia mkono. Niliinamisha kichwa. Naye akainamisha chake.

Rongo tulimkuta ndugu yako ametangulia, amenunua soda, amekusanya watu ambao hata hawatujui. "Hawa ni wa kwetu," aliwaambia. "Huyu wa nyuma ni mke wa mdogo wangu. Masikio yake yanasikia boda ikiwa bado nyumbani kwa mwenyewe." Bhoke aliketi chini akavua viatu na kwa mara ya kwanza nikamwona akitokwa machozi. Alisema ni jasho. Tulikubali kwamba ni jasho.

Aidha, Ijumaa nilikwenda zahanati. Muuguzi alifunga kitambaa, akatazama, akakifunga tena kama siku ile ya kwanza. Nikaogopa. Akaniambia, "Mama, sikuamini macho yangu. Imeshuka. Unafanya nini?" Nikamjibu, "Ninakimbia, na ninarudi nikiwa hai."

Hivyo basi, Baba Akinyi, nafika kwenye uamuzi. Wanijua kama mwandishi wa maombi. Nimewaombea wanawake wa soko hili taka zizolewe, maji yarudi, choo kifunguliwe. Na kila barua nimeimalizia kwa kuomba kwa unyenyekevu. Barua hii si ya kuomba. Kibanda sikifungi. Mbio siziachi. Ninakuarifu tu, kama mwenzi mwema anavyomwarifu mwenziwe, kwamba mkeo alikuwa anakufa akiwa ameketi na sasa anaishi akiwa anakimbia, na kwamba kila asubuhi, kabla sijaondoka, huwa nimefikiria njia ya kurudi. Amri yako naihesabu kuwa ilitolewa kwa mwanamke mwingine, yule uliyesimuliwa. Kama ungependa kumwona huyu wa kweli, njoo Awendo mashua ikikamilika. Usije na kiti. Njoo na viatu.

Nisalimie Mama, mzazi wetu, umwambie dawa ya kikohozi imo katika mfuko wa buluu na inywewe baada ya chakula. Nisalimie Akinyi binti yetu, kichwa cha nyumba baada yako. Msalimie mke wa Jaduong' Barnaba, mke mwenzangu katika ukoo, na umwombe radhi kwa kumchelewesha mumewe. Msalimie mwalimu wa hesabu. Na jirani yetu wa mashariki, mwenye mbuzi wanaokula mtama wetu, naye msalimie, lakini kwa kifupi.

Ni mimi mkeo, niliye mzima wa viungo vyote,

Dorcas Atieno,
Mama Akinyi.